Kiraka Namba Kumi na Tisa

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, Khalayi alifika kwenye kibanda cha rafiki yake Nthoki pale Umoja, akaiweka mikono yake miwili juu ya meza ya kuuzia. Hakusalimu.

"Tazama, Mama Kavinya," akasema.

Nthoki akatazama. Vidole vilikuwa vimevimba na kupasuka kwenye viungo. Ngozi ya juu ilijaa malengelenge madogo madogo, mengine yametumbuka na kuacha majimaji ya manjano. Wekundu ulipanda mpaka kati ya kifundo na kiwiko, ukakoma ghafla pale pale ambapo maji ya beseni hukoma mtu anapofua.

"Ni maji baridi," Nthoki akasema. "Na ile dawa ya kutoa madoa."

"Maji baridi nimefua nayo miaka kumi na moja. Dawa ya madoa ni ile ile. Kilichobadilika ni sabuni yako."

Kulikuwa na wanawake watatu wakingoja kuuziwa, mmoja wao Lorine, mwenye saluni ya jirani. Nthoki aliyaona macho yao yakihama kutoka kwenye ile mikono hadi kwenye chupa zake zilizopangwa rafuni. Akaifungua moja, akajimiminia sabuni mkononi, akaisugua mpaka kwenye kiwiko ikafanya povu.

"Mimi ndiye ninayeitengeneza. Naoshea vyombo, napigia deki, nafulia. Kuna anayeona kipele hapa?"

Hakuna aliyeona. Khalayi aliiondoa mikono yake mezani na kwenda zake, na Lorine akanunua chupa yake kama kawaida. Lakini Nthoki alipobaki peke yake alisuuza mkono haraka, mara mbili, na hakupenda kujiuliza ni kwa nini.

Nthoki alikuwa na miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Mwingi. Miaka kumi na minane alipakia sabuni ya unga katika kiwanda kimoja cha Nairobi, mpaka kiwanda kilipofunga milango. Wenzake walirudi mashambani. Yeye alijifunza kupika sabuni ya maji, akaweka mapipa matatu uani, akatafuta mwiko mrefu wa kukorogea na glavu ndefu za mpira, akaanza. Mteja wake wa kwanza alikuwa Khalayi, mwanamke wa Bungoma aliyefulia watu nguo katika magorofa ya Pipeline. Khalayi ndiye aliyeipandisha sabuni hiyo ngazi kwa ngazi, mlango kwa mlango, akiwaambia wenye nyumba, "Nunueni hii, haiharibu rangi." Na Nthoki alipofiwa na mumewe, Khalayi ndiye aliyelala kwake juma zima, akipokea wageni na kupika chai.

Mambo yalianza kuharibika mwezi wa Machi. Maji ya mgao yalikuwa yakija mara moja kwa wiki, na Nthoki akawa anayahifadhi kwenye mapipa siku nyingi kabla ya kuyatumia. Sabuni ikaanza kunuka kama kabeji iliyooza. Akaenda kwa Munyoki, muuza kemikali karibu na Muthurwa, naye akampa chupa ya dawa ya kuzuia kuoza.

"Kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita ishirini," Munyoki alimwambia. "Usizidishe."

Hakuzidisha. Lakini mwezi wa Mei Lorine alirudisha chupa mbele ya watu, akaifungua na kumwambia ainuse. Aibu ya siku ile ilimkaa Nthoki kifuani. Pipa lililofuata alitia vifuniko viwili kwa kila lita ishirini, na lililofuata vitatu. Harufu ikakoma kabisa, wateja wakasifu, naye akaona amepata ufumbuzi.

Wiki moja baada ya ile Jumamosi, Khalayi alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa kavu. Alisema mama mmoja mwenye mtoto mchanga amemkataza kurudi mpaka mikono ipone, na wengine wawili wameshafuata. Alisema pia kwamba amefika kliniki ya ngozi.

"Daktari anaitwa Gedi. Anataka uje nami Jumatatu."

"Ananishtaki?"

"Anataka kujua unatia nini ndani. Ulete kidogo kidogo cha kila kitu."

Jumatatu asubuhi Nthoki alipanga vichupa kwenye kiondo: ule uji mzito wa povu, tindikali, magadi, chumvi, rangi, marashi. Mwisho akaishika chupa ya Munyoki. Karatasi yake ilikuwa imeloa na kuchanika, lakini jina lilisomeka, refu mno, la kizungu. Akaitia kiondoni. Akafika mlangoni, akasimama. Akarudi, akaitoa, akaisukuma nyuma ya mabeseni chini ya benchi. Ni dawa ya kifuniko tu, alijiambia. Kitu cha kifuniko hakiwezi kummaliza mtu mikono. Na wakiiona watasema ndiyo hiyo, hata kama siyo.

Daktari Gedi alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache. Aliiangalia mikono ya Khalayi kwa muda mrefu, halafu akawaelezea wote wawili.

"Kuna mambo mawili yanayofanana. Sabuni ikiwa kali humuunguza yeyote, wewe, mimi, huyu. Hiyo si aleji. Aleji ni pale mwili wa mtu mmoja unapokichukulia kitu kimoja kama adui, ukawa unapigana nacho kila kikigusa ngozi. Dawa za haya mawili hazifanani, wala kinga zake. Ndiyo maana napima."

"Mimi natumia sabuni hiyo hiyo, Daktari," Nthoki akasema. "Mkono wangu huu hapa."

"Mkono wako mzima haunisaidii, Mama. Wewe si yeye."

Akachukua karatasi, akaandika kila alichotajiwa. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na cha kuzuia isioze?"

Nthoki alimwona Khalayi kwa pembe ya jicho, ameketi ameinamia mikono yake, haangalii mtu.

"Natengeneza kidogo kidogo," akasema. "Huisha kabla haijaharibika."

Daktari akaandika hilo pia.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha viraka. Daktari alikuwa na plasta zenye vikombe vidogo kama vifungo vya shati, na kila kikombe kilikuwa na tone la kitu kinachojulikana kusumbua ngozi za watu: vitu vya glavu, vya marashi, vya sabuni, vya mafuta. Ishirini na nane kwa jumla. Cha ishirini na tisa alitia sabuni ya Nthoki iliyozimuliwa kwa maji mengi, kwa sababu, alisema, sabuni yenyewe ikifungiwa mgongoni siku mbili itamchoma mtu yeyote. Akataka pia mtu asiye na maradhi abandikwe sabuni hiyo, ili ijulikane kama inachoma hovyo.

"Nibandike mimi," Nthoki akasema kabla hajamaliza.

Aliona ni nafasi yake. Mgongo wake ungemtolea ushahidi.

Waliambiwa wasilowe mgongo, wasifanye kazi ya kutoa jasho, warudi Jumatano. Walitoka pamoja na kutembea mpaka stendi, kila mmoja na plasta zake chini ya nguo. Siku mbili hizo Nthoki alilala kifudifudi. Kila alipohisi kitu kikitambaa mgongoni alisimama na kupumua mpaka kitulie. Ulikuwa ni wasiwasi tu.

Jumatano Daktari Gedi alibandua plasta, akaweka alama kwa kalamu pembeni mwa kila mraba, akawaacha wakae nusu saa. Kisha akainama na taa. Mgongo wa Nthoki ulikuwa safi. Wa Khalayi ulikuwa na wekundu hafifu sehemu mbili tatu, kama alama ya nguo iliyobana.

"Mpaka sasa hakuna cha kutaja," daktari akasema. "Lakini leo si mwisho. Aleji nyingine huchelewa kujitokeza. Rudini Ijumaa, na mgongo usilowe."

Nthoki alisikia nusu ya kwanza. Ile ya pili ilimpita kama kelele za barabarani. Alifika kibandani mchana, na Lorine alipouliza kwa utani, "Sasa, Mama Kavinya, wamekufunga?" alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka saluni ya tatu.

"Wamepima. Hospitali imesema sabuni yangu haina neno."

Habari ikaenea. Wanawake waliokuwa wamesita wakarudi na mitungi yao. Lorine alichukua lita tano. Mama mmoja kijana wa ghorofa ya pili alichukua chupa mbili za kufulia nepi. Ilipofika Alhamisi jioni pipa moja lilikuwa limekwisha, na Nthoki alikuwa amerudia maneno yale mara nyingi hata yeye mwenyewe akaanza kuyaamini.

Ijumaa alimkuta Khalayi ameshaketi kwenye benchi la kliniki.

"Nasikia umetangaza," Khalayi akasema.

"Si daktari alisema?"

Khalayi akasema, "Mgongo umeniwasha tangu jana asubuhi. Sikulala."

"Wapi?"

"Sijui. Siuoni."

Ingekuwa siku nyingine Nthoki angemwinua blauzi akaangalia. Hakuthubutu. Alikaa ameubana mkoba wake mapajani, akihesabu vigae vya sakafu mpaka jina la Khalayi lilipoitwa.

Daktari alianza na Nthoki, na mgongo wake ulikuwa safi kama Jumatano. Kisha akamgeukia Khalayi. Akainama. Akachukua kioo cha kukuzia, akapapasa mahali kwa ncha ya kidole.

"Mama, njoo uone," akamwambia Nthoki.

Chini ya bega la kushoto, mraba mmoja ulikuwa umeumuka. Ngozi ilikuwa nyekundu iliyoiva, imeinuka, imejaa vilengelenge vilivyokaribiana, na wekundu ulikuwa umevuka mpaka wa kikombe ukaenda nje. Miraba mingine ilikuwa kimya, isipokuwa ule wa sabuni, ambao sasa ulikuwa na wekundu kidogo uliotuna.

"Namba kumi na tisa," daktari akasema. Akasoma kwenye orodha yake jina refu, methylisothiazolinone, na Nthoki akalijua umbo la jina lile, la chupa ya Munyoki, hata kabla halijamalizika kutamkwa.

"Hii hutiwa kwenye sabuni za maji, shampuu, losheni, hata rangi za ukuta, ili visioze," daktari akaendelea. "Ikiwa kidogo, wengi hawadhuriki. Ikizidi, hapo ndipo miili ya watu huanza kuichukia. Sasa huu wekundu kwenye sabuni unanitatiza, maana Mama alisema hatii dawa yoyote ya kuoza. Basi itabidi tutafute kwingine." Akamgeukia Khalayi. "Unatumia shampuu gani? Losheni gani?"

"Najipaka mafuta ya mgando. Nywele naosha kwa mche wa sabuni."

"Umeshika rangi ya nyumba hivi karibuni?"

"Hapana."

"Glavu?"

"Sina glavu, Daktari. Mimi ni sabuni tu, kutoka asubuhi mpaka jioni."

Daktari akaweka kalamu chini, akawaza. Khalayi alianza kufunga vifungo vya blauzi yake, lakini vidole vilivyopasuka havikukubali kujikunja. Kifungo kilimponyoka, akakishika tena, kikamponyoka. Nthoki alimwangalia. Alijua hakuna mtu mwingine duniani angeweza kujibu swali lile. Angenyamaza, na Khalayi angezunguka mwaka mzima akitafuta adui kwenye mafuta ya mgando.

"Iko kwenye sabuni yangu," akasema.

Mikono ya Khalayi ikasimama.

"Naitia tangu Machi. Chupa niliiacha nyumbani Jumatatu. Mwenye duka alisema kifuniko kimoja. Mimi natia vitatu."

Daktari Gedi hakumkaripia, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. Alimwambia ailete chupa ile siku hiyo hiyo, jina lake lisomwe. Alimwambia kifuniko si kipimo, kwa kuwa kuna kifuniko kikubwa na kidogo, na dawa ya namna hiyo hupimwa kwa mizani.

"Na mgongo wako huo, Mama, usiufanye cheti. Umekaa kimya leo tu."

Huko nje kwenye ujia, Khalayi alisimama karibu na dirisha. Blauzi bado ilikuwa na vifungo viwili wazi.

"Ulijua?" akauliza. "Siku ile ulipojipaka mkononi mbele ya Lorine, ulijua?"

"Sikujua. Nilishtuka kidogo, nikajinyamazisha. Jumatatu ndiyo nilishuku kwa kweli. Nikaificha."

"Nimepoteza nyumba sita, Mama Kavinya. Mwanangu ndiye ananisongea ugali."

Neno pole lilimfika Nthoki kwenye ulimi, akaona ni jepesi mno, akalimeza.

"Na hawa walionunua tangu Jumatano?" Khalayi akauliza.

"Nawaendea sasa hivi."

"Nenda basi."

Alikwenda peke yake. Aliichukua kwanza ile chupa nyuma ya mabeseni, akaipeleka kliniki, jina likaoana herufi kwa herufi. Kisha akaanza mlango wa kwanza. Kwa Lorine alikuta wateja wawili wameinamishwa kwenye sinki, na lita tano zake zimeshafunguliwa.

"Si ulisema hospitali wamepima?" Lorine akauliza.

"Nilisema kabla hawajamaliza. Nirudishie, Lorine. Usimwoshe mtu nayo."

Lorine alisimama akijitazama mikono, mbele na nyuma, kama mara ya kwanza kuiona. Halafu akasema, bila hasira, kwamba kati ya vidole kumekuwa kukimwasha wiki nzima, akadhani ni dawa ya kulainisha nywele. Nthoki akamwandikia jina la kliniki kwenye kipande cha boksi.

Nyumba iliyomtia hofu zaidi ilikuwa ile ya mama kijana wa ghorofa ya pili. Nepi zilikuwa zimeloweshwa kwenye beseni kubwa, mtoto amelala kitandani. Nthoki alimwambia azisuuze zote upya kwa maji matupu mara tatu, zile zilizoanikwa na zile za kabatini, na amwangalie mtoto mapajani na kiunoni kwa siku kadhaa. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa chupa mbili, moja nzima na moja nusu, akaufunga mlango taratibu. Nthoki alibaki pale kizani kwenye ngazi akisikiliza kama mtoto analia. Hakulia. Kwa juma zima baadaye alipita chini ya dirisha lile kila asubuhi, mpaka siku alipomwona mtoto nje, amevaa nepi tu, ngozi yake laini.

Wanunuzi wawili hakuwapata kabisa. Mmoja alikuwa mpita njia, na wa pili alikuwa amehamia Kayole siku hiyo hiyo na vitu vyake. Hao walimsumbua muda mrefu.

Jumatatu iliyofuata alimpelekea Munyoki chupa yake.

"Nilikuambia kimoja," Munyoki akasema.

"Uliniambia. Lakini hukuniambia ni nini, wala inafanya nini mtu akizidisha."

Munyoki alitaka kubisha, kisha akaichukua ile chupa, akaisogeza karibu na macho, na Nthoki akatambua kwamba naye alikuwa akiisoma kwa mara ya kwanza. Tangu siku ile aliwauzia wapika sabuni dawa hiyo ikiwa imepimwa kwenye vichupa vidogo, na karatasi ya maelezo juu yake. Wengine walinung'unika.

Nthoki aliyafunga mapipa kwa miezi miwili. Alipoanza tena alichemsha maji, akapika pipa nusu tu kwa wakati mmoja, akaacha dawa ile kabisa, na kwenye kila chupa akaandika kwa mkono tarehe na kila kilichomo. Wateja waliorudi walikuwa chini ya nusu. Wengine walisema anajidai. Wengine walisema heri aliyesema kuliko asiyesema, lakini nao hawakununua.

Mikono ya Khalayi ilichukua mpaka mwisho wa Agosti kupona. Daktari alimwambia aleji hiyo haitaisha. Itakuwa yake maisha yote, na asiguse chupa yoyote bila kusoma nyuma yake. Alirudi Pipeline akiwa na glavu za pamba ndani ya glavu za mpira, na mche wa sabuni mfukoni. Nyumba mbili zilimpokea tena.

Walisalimiana kanisani na sokoni, salamu fupi. Mwezi wa Oktoba Khalayi alipita kibandani, akaichukua chupa moja rafuni, akasoma maandishi ya Nthoki mstari kwa mstari, midomo ikitembea.

"Nipe kidogo kwenye hiki," akasema, akitoa kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi. "Daktari alinifundisha. Nazimua, napaka ndani ya kiwiko asubuhi na jioni siku saba, nisipofura ndipo nifikirie."

Nthoki akamjazia.

Siku ya nane Khalayi hakutokea. Alitokea siku ya tisa, akakunja mkono wa sweta, akamwonyesha kiwiko. Hakikuwa na alama yoyote.

"Basi nikupimie lita ngapi?" Nthoki akauliza.

Khalayi aliushusha mkono wa sweta taratibu mpaka kwenye kifundo.

"Bado," akasema. "Niongezee kidogo kwenye kichupa. Nangoja siku saba nyingine."

Nthoki akakichukua kichupa, akakisuuza kwanza, akamwongezea.